Samahani Tano za Mayige

Milembe alikuwa na sauti ndogo. Hospitalini Bariadi, alikokuwa akijitolea tangu amalize stashahada yake ya fiziotherapia, wagonjwa walilazimika kumwinamia ili wamsikie, hata wale wa mgongo ambao yeye mwenyewe alikuwa amewakataza kuinama. Kwa hiyo siku mwalimu Anatoli alipompigia simu kumwomba aje kuitazama timu ya Kasoli, alijibu kwa sauti hiyohiyo, na mwalimu akadhani mtandao umekatika.

Mwalimu Anatoli alimfundisha Milembe darasa la nne. Sasa alikuwa amestaafu chaki na anafundisha Mnada FC, vijana wa Kasoli wanaochezea kiwanja cha pembeni ya mnada wa ng'ombe. Msimu huu timu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: nyama za paja. Ikifika dakika ya sabini mtu anachomoka na mpira, watazamaji wanasimama, halafu ghafla anashika nyuma ya paja kama aliyeumwa na nyuki, na kwake mechi imekwisha. Walishatolewa hivyo wanne. Shija, winga wao, alichanika paja lilelile mara mbili, na siku hizi alikimbia kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Nakupa wiki saba, mpaka mechi na timu ya Nyalikungu," mwalimu alimwambia siku alipofika kiwanjani. "Siku hiyo akitolewa mtu mmoja ameshika paja, wewe utarudi hospitali kwa amani, na mimi nitamwita mganga, mzee Limbu, aje na wembe wake awachanje chale. Wachezaji wenyewe wanamtaka yeye."

"Mwalimu, mazoezi haya hayazuii yote. Yanapunguza. Karibu nusu."

"Nusu ya nini? Nusu paja?"

"Nusu ya majeraha, mwalimu."

"Nilikufundisha hesabu mwenyewe, Milembe. Mimi nataka sifuri."

Hayo aliambiwa goti lake likiwa bado chini, maana ndivyo binti wa Kisukuma anavyomwamkia mtu mzima, na mwalimu alikuwa amesahau kumwambia ainuke. Lakini alitaka sana kubaki. Hospitalini walimwita binti wa kukanda, na aliyekuwa na shida naye mara nyingi alitaka chai. Hapa, kwa mara ya kwanza, mapaja arobaini yalikuwa yamewekwa mikononi mwake, ingawa aliona aibu hata kuliwaza jambo hilo kwa maneno hayo.

Siku ya kwanza aliwakusanya wachezaji na kuwaeleza, akiangalia zaidi karatasi yake kuliko wao.

"Mmoja anapiga magoti. Mwenzake anakaa nyuma yake na kumshika miguu, hapa juu ya kisigino. Halafu yule aliyepiga magoti anajiachia mbele polepole, mwili umenyooka kama mlango, anajizuia kwa nyama za paja mpaka zishindwe. Zikishindwa, anajidaka kwa mikono."

Kisha Mayige, nahodha, beki mwenye kifua cha fahali, akainua kidole.

"Samahani, dada. Umesema tupige nini?"

"Magoti."

"Mbele ya nani?"

"Hakuna mtu. Yaani, mbele yangu."

Kiwanja kizima kikacheka. Mayige hakucheka.

"Sikiliza, dada yangu. Goti la mwanamume wa huku linagusa chini kwa mambo mawili. Awe kanisani, au awe na kosa. Na leo si Jumapili."

"Kosa unalo," alisema Shija. "Tukamwulize Kabula?"

Mayige akamgeuzia jicho, lakini Kasoli nzima ilijua. Wiki mbili nyuma aliuza mbuzi jike wa mkewe, tena mwenye mimba, akanunua njumu. Kabula hakugombana naye. Alikunja kitenge chake akaenda kwa mama yake, na tangu siku hiyo nahodha alikuwa akijipikia ugali mbichi, miguuni njumu mpya.

Milembe alisikia masikio yakimchemka. Akatamani kuondoka. Badala yake akauliza, kwa sauti ile ile ya kufanya watu wasogee, "Mkokoteni wa pamba ukiteremka kwenda mtoni, ng'ombe anafanya nini?"

"Anazuia," walijibu watatu kwa pamoja. Pale hapakuwa na asiyewahi kuteremka na mkokoteni.

"Na asiyejua kuzuia?"

"Huyo mzigo unamkuta. Anavunjika."

"Basi. Nyama za mbele ya paja zinavuta. Za nyuma zinazuia, kila mguu unapotupwa mbele. Nyinyi mmezifundisha za mbele miaka yote, za nyuma hazijui kazi. Dakika ya sabini zimechoka, mzigo unazikuta."

Wakatazamana. Mayige akajikuna shingo.

"Hapo nimekuelewa. Ila ng'ombe hapigi goti."

"Akitaka kulala anaanza na goti," alisema Milembe.

Mayige akasogea mbele. "Haya. Lakini sikutazami wewe. Nitageukia kule." Akageukia njia ya kisimani, ambako hapakuwa na mtu. Akapiga magoti, Shija akamkalia nyuma na kumshika miguu kwa raha isiyofichika.

Sasa, njia ya kisimani kazi yake ni kupitisha watu wanaotoka kisimani. Mayige alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kujiachia, mikono kifuani, uso umekunjamana kwa maumivu, kutoka nyuma ya kichaka cha minyaa akatokea Ng'washi, mama mzazi wa Kabula, na ndoo kichwani.

Mtu na mama mkwe wake hawatazamani machoni. Mayige akafumba macho. Kusimama hakuweza, maana miguu ilikuwa imeshikwa, na kurudi nyuma hakuweza, maana nyama za paja ndiyo kwanza zilikuwa zinajifunza kazi. Akaendelea kushuka, polepole, mpaka kifua kikagusa vumbi mbele ya miguu ya mama mkwe wake. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, akajisukuma juu na kushuka tena. Na tena.

Ng'washi akaitua ndoo.

"Inatosha, baba," alisema taratibu. "Nimeona." Akamtazama Shija. "Na wewe umemshika ili asikimbie?"

"Nimeambiwa nimshike, mayu, mama yangu," alisema Shija, ambaye kweli hakusema uongo.

"Nani kamleta kuomba radhi? Huyu peke yake hana akili hiyo."

Macho yote yakamgeukia Milembe. Naye akafungua mdomo kueleza kwamba lile lilikuwa zoezi, kwamba lina picha, kwamba picha anayo kwenye karatasi. Kutoka vumbini jicho moja la Mayige likafunguka, likamtazama. Milembe hakuwahi kuona jicho la mwanamume mkubwa likibembeleza namna ile. Akameza maelezo yake.

"Amefanya tatu, mama," alisema. "Anatakiwa afike tano."

"Mwacheni amalize, basi," alisema Ng'washi, akakunja mikono akangoja.

Kesho yake Kabula alirudi nyumbani, na nyuma yake Mayige akivuta mbuzi jike mwingine kwa kamba. Keshokutwa yake zoezi lilikuwa na jina. Milembe alikuwa na jina la kitaalamu kwenye karatasi, lakini hakupata hata nafasi ya kulitaja. "Samahani tano," Mayige aliwaamuru wenzake, "na ziwe za kweli. Ukianguka kama gunia, mama hajaridhika." Wachezaji wasio na wake walipiga samahani za akiba.

Haikuwa raha yote. Juma la kwanza walitembea kama bata, wakanong'onezana kwamba binti wa hospitali amewafunga miguu. Milembe alikuwa amewaonya kwamba misuli itauma siku mbili tatu, lakini kwa sauti ile nani angesikia. Akapunguza, akaongeza kidogo kidogo: mara mbili kwa wiki, tano, kisha sita, kisha nane. Akawapasha misuli moto kabla ya kila mazoezi, akakataza mtu kutoka kwenye bodaboda na kuanza kutimua mbio. Shija alimshughulikia peke yake. Kila jioni walikubaliana akimbie robo tatu ya mbio zake, halafu zaidi kidogo, na kila mara alisimama akajipapasa paja.

"Lipo?" Milembe alimwuliza.

"Lipo, dada. Ila siliamini."

"Usiliamini. Lizoeshe tu."

Siku ya mechi Nyalikungu walikuja na lori zima la mashabiki. Milembe alikaa pembeni ya benchi. Hakuuangalia mpira. Aliangalia mapaja, akihesabu, akirudi mwanzo. Wageni walipofunga bao dakika ya hamsini alijua tu kwa kelele, na alichojiuliza ni kwa nini Mayige ameinama. Mayige alikuwa anafunga kamba.

Ikafika dakika ya sabini. Mwalimu Anatoli akaacha kupiga kelele. Dakika ya themanini. Pembeni kule Shija akapewa mpira, mbele yake nyasi tupu, na Milembe akaona kabisa sekunde ile ambayo kijana alijiuliza. Kisha akazifungulia mbio zote. Milembe akashika ukingo wa benchi. Beki wa Nyalikungu akamfukuza kwa nguvu zake zote, hatua kumi, hatua kumi na tano, halafu mmoja kati ya hao wawili akaruka juu kwa mguu mmoja, akashika nyuma ya paja na kuanguka.

Shija alikuwa bado anakimbia. Akapiga shuti, mpira ukapita juu ya goli ukaenda kuwasumbua ng'ombe wa mnada.

Wachezaji wa Nyalikungu walikuwa wamemzunguka beki wao, mmoja amemkamata mguu anauvuta, mwingine anamkanda kama anakanda unga. Milembe hakukumbuka alivyofika pale.

"Acheni kuvuta," alisema, na sauti iliyotoka ilifika mpaka kwenye lori. "Wewe, acha kukanda. Mlazeni. Nani ana barafu? Muuza soda, leta barafu."

Muuza soda akaleta bila kuuliza bei. Beki alitolewa kwa machela, barafu imefungwa kwa skafu ya shabiki, na Milembe akitembea pembeni akimweleza kocha wa Nyalikungu asimchezeshe mpaka apimwe.

Mechi ikaisha moja bila. Mnada FC walitoka kiwanjani kwa miguu yao, wote, wakigombana nani alimwachia yule mfungaji. Milembe alikwenda kwa mwalimu Anatoli na kushusha goti. Mwalimu alikuwa anakunja karatasi ya majina ya wachezaji mara mbili, mara nne.

"Tumefungwa," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Wazima kabisa, tumefungwa. Msimu mzima nilikuwa na kisingizio, sasa umekiondoa." Akatia karatasi mfukoni. "Nilisema akitolewa mtu mmoja ameshika paja. Nilisema wa timu gani?"

"Hukusema, mwalimu."

"Sikusema. Na katolewa." Akatazama upande wa lori, ambako yule kocha wa Nyalikungu alikuwa amesimama akimpungia mkono na simu yake. "Yule bwana kanifuata. Anataka namba yako. Anasema hata kwao mapaja yapo."

"Umempa?"

"Ningefanyaje? Mtu kaomba kwa heshima." Mwalimu Anatoli akamshika kiwiko, akamwinua. "Nimempa yangu."