Mpagazi wa Msalaba

Mzee Octavian alikuwa bingwa wa kutia chumvi, na kwa miaka mingi chumvi yake haikumdhuru mtu. Aliwahi kuwaambia watu wa Puge kwamba wana wa Israeli walichelewa jangwani kwa sababu walipotea njia, wakafika Tabora, wakanogewa na asali. Watu wakacheka, wakaenda zao. Safari hii, bahati mbaya, alipewa mtu asiyecheka ovyo: Masele, mfugaji mwenye ndevu zake, aliyetaka kubatizwa Pasaka ili ndoa yake na Minza ibarikiwe. Octavian ndiye msimamizi wake. Kwa kuwa ng'ombe hawangoji, mzee alimfuata machungani, wakazungumza habari za Mungu huku wakitembea.

Sasa Masele alikuwa mbele ya Padre Damas, akihojiwa. Akishindwa, angesubiri Pasaka nyingine. Octavian alikaa nyuma, kofia magotini. Baba Yetu ilipita. Amri za Mungu nazo zikapita, ingawa ile ya kutotamani mali ya mwenzako Masele aliitaja akitazama dirishani, ng'ombe wa jirani yake Bundala walikokuwa wakipita. Kisha Padre akauliza ni nani aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba.

"Simoni," akajibu Masele. "Mnyamwezi. Mpagazi wa hapa hapa. Alipeleka pembe za ndovu pwani, akapitiliza."

Padre akavua miwani, akauliza taratibu nani kamfundisha hayo. Masele hakugeuka nyuma. Octavian akainuka mwenyewe, magoti yakilia, akakiri kuwa ni yeye. Simoni alikuwa mtu wa Kirene, na kama kuna wa kurudishwa darasani basi arudishwe yeye, si huyu.

"Kaa kwanza, mzee," Padre akasema. "Masele, huyo Simoni alijitolea?"

"Hapana, Padre. Walimkamata njiani wakamlazimisha. Kama mimi. Minza ndiye aliyenileta, nikaja nimenuna." Akakuna ndevu. "Lakini ukishabeba mzigo pamoja na mtu, unasikia anavyohema. Mkifika juu huwezi tena kusema humjui. Mimi Yesu nimemjua hivyo, njiani. Na huyu baba alikuwa ananisindikiza hata goti likimuuma. Ningeachwa peke yangu, ningerudi."

Padre akarudisha miwani usoni. Kisha akasema Pasaka abatizwe, ila msimamizi wake ahudhurie mafundisho ya watoto kila Jumamosi mpaka Pentekoste.

Nje, Octavian alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Mwishowe akauliza kama kweli Masele aliiamini ile hadithi.

"Baba, Mnyamwezi afike mpaka Yerusalemu, arudi bila hata kitenge cha mke wake?"

"Sasa mbona umeisema mbele ya Padre?"

"Ndiyo niliyoielewa." Masele akapunguza mwendo ili mzee amfikie. "Na Jumamosi nitakuja kukaa nawe darasani. Siwezi kukuacha peke yako na watoto wa watu."