Magamba ya Watiri

Kahiga ni binamu yangu, na nilimchukia mwaka mzima bila kupumzika.

Sote wawili tulicheza mchezo mmoja wa mtandaoni, ule wa kuwinda majoka. Magamba ya joka yanauzwa kwenye soko la ndani ya mchezo, na dhahabu ya mchezo unayolipwa hununuliwa kwa pesa taslimu kila Ijumaa na Sakariye, mfanyabiashara wa Nanyuki. Nilikuwa nimeweka magamba ya kutosha ada ya chuo cha uuguzi. Kahiga akaninong'oneza, ati wenye mchezo watayagawa bure. Nikauza yote kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alikuwa yeye, kupitia rafiki yake. Bei ilipopanda mara kumi alisimulia alivyonipata kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya dada yangu, watu wakicheka, akaniita "kastama." Mimi nikaacha chuo nikauza kava za simu mtaani Majengo.

Haya. Nilikusanya magamba upya, miezi minane. Nikafungua akaunti nyingine tatu, jambo ambalo sheria za mchezo zinakataza: ukishikwa, zote zinafungwa. Akaunti zangu zikauziana zenyewe kwa zenyewe, kila siku bei juu kidogo, hadi soko zima likayakodolea macho. Kisha moja ikaandika mbele ya watu wote, kwa Kigikuyu, kana kwamba imekosea mahali: "Dada, usiuze magamba. Mwezi ujao hayatapatikana tena."

Soko lile limejaa Wafilipino na Wapolandi. Nani atadanganya kwa Kigikuyu? Kahiga alimeza ndoano na kamba yake. Alitoa dhahabu ya miaka miwili akanunua kila gamba lililokuwepo, na yote yalikuwa yangu. Kesho yake bei ikaanguka kabisa. Wacha aonje!

Jumanne akaja kibandani, macho mekundu. Nilimpa stuli. Nilijua kazi yangu ni moja tu: kunyamaza hadi Ijumaa, Sakariye anilipe, nirudi chuo.

"Nimemalizwa, Watiri," akasema. "Hata laptopu nauza."

"Pole."

"Lakini huyo jamaa ni kichwa! Alinipanga miezi. Huyo ni mwanaume wa Nairobi, amesomea mambo ya hisa. Si kama nyinyi wa kudanganywa na neno moja."

"Sisi wa nani?"

"Nyinyi wasichana. Usikasirike, kastama."

Niliuma ulimi. Aki niliuma. Nikapanga kava mezani, nikazipangua, nikazipanga tena.

"Ningempata ningempa mkono," akaendelea. "Mwanaume kamili."

"Nipe basi."

Hakuelewa. Nikafungua simu nikamwonyesha akaunti moja baada ya nyingine, na ule ujumbe wa Kigikuyu. Alisoma polepole. Uso ulimshuka, midomo ikakauka, na mimi nikamtazama mpaka nikashiba.

Aliondoka bila kuaga. Jua halijatua, akaunti zangu zote nne zilikuwa zimefungwa, dhahabu ikiwa ndani.

Nikampigia Sakariye, nikamweleza yote, asinisubiri.

"Yaani ulishindwa kunyamaza siku tatu tu?" akauliza. "Na chuo je?"

"Ningenyamaza hata mwaka," nikamwambia. "Lakini alikuwa anamsifu mwanaume."