Maji ya Kidevuni

Nives Zanolin alikuwa na ulimi mchungu na mikono mitamu, na watu wa filamu pale Roma waliuvumilia ulimi kwa ajili ya mikono. Muongozaji akishindwa kutisha watu, alimpelekea makopo yake ya filamu, naye akiisha kuzikata na kuziunga, watazamaji walitoka ukumbini wakichungulia viti vya nyuma vya magari yao. Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha chini ya ghorofa, jirani na bucha, glavu nyeupe mikononi na sigara mdomoni. Sigara ilikatazwa karibu na filamu, lakini nani angethubutu kumwambia?

Majira yale ya baridi alikuwa akihariri filamu ya Corrado Bellasi, mwanamume mcheshi ambaye hakuna aliyependa kubaki naye peke yake. Hadithi ya filamu haikuwa na kichwa wala miguu, ila ilikuwa na tukio moja. Muuaji amemfungia mke wa mtu ndani ya tangi la zamani la maji chini ya nyumba. Maji yanapanda. Juu yake, jikoni, mume anapika kahawa akidhani mkewe yuko kanisani. Tukio hilo likifaulu, filamu imefaulu. Likianguka, wote wanarudi kutengeneza matangazo ya sabuni.

Mke yule aliigizwa na Ombretta Galvan, ambaye magazeti yalikuwa yameacha kumwita msichana. Asubuhi moja Ombretta alishuka ngazi za chumba cha Nives, miwani myeusi usoni, mkononi boksi la mikate ya krimu. Nives akajua anatakwa kitu, maana waigizaji hawawaletei wahariri mikate bure.

"Dada Nives, umeshayaona ya tangini?"

"Bado. Yamefika jana kutoka maabara. Kwani kuna nini, umetokea mnene?"

"Laiti ingekuwa hivyo." Ombretta alivua miwani. Macho yalikuwa yamevimba. "Tulikubaliana na Corrado: nikiinua mkono, wanazima pampu. Basi mguu wangu ukanasa kwenye wavu wa chini, kweli kweli. Nikainua mkono. Yule mshenzi akamwambia wa kamera aendelee."

"Na pampu?"

"Ikaendelea. Maji yakanifika hapa." Aligusa kidevu. "Nikamwita mama yangu, Nives. Mimi, na uzee huu! Walipozima, mafundi walishindwa kunitazama. Yeye akapiga makofi."

Nives alifungua boksi.

"Nisikilize, dada. Nimeuza matiti, nimeuza miguu, machozi nimemuuzia kila aliyeyataka. Kile sikukiuza. Pale sikuwa naigiza. Na mama yangu kule kwetu Rovigo haachi filamu yangu hata moja, anakaa mstari wa mbele na majirani zake. Asije akaniona vile. Kitoe kipande hicho kimoja tu. Vingine vyote fanya utakavyo."

"Corrado atapiga kelele."

"Apige. Ukimwambia hakifai atanyamaza. Anakuogopa wewe tu."

Ilikuwa kweli, na Nives alipenda kuisikia. Alikula mikate miwili, akalamba krimu vidoleni, akasema, "Hakitaonekana. Nenda kapumzike." Ombretta alimbusu mashavu yote mawili na kuondoka akifuta machozi, na Nives akajiona mtu mwema sana.

Alijiona mwema mpaka alipokiweka kipande chenyewe mezani. Filamu za pale hazikutumia sauti ya siku ya kupiga picha. Maneno yote yaliingizwa baadaye, studio. Sauti ya siku ile ilirekodiwa hivi hivi tu, imsaidie mhariri kufuata midomo. Kwa hiyo ni yeye peke yake, masikioni mwake, aliyesikia: "Corrado, zima! Siigizi! Mama! Mama yangu!" Kisha kikohozi. Nives akavua visikilizio, akarudisha kipande nyuma na kukitazama tena kimya kimya. Bila sauti kilikuwa kizuri ajabu.

Hata hivyo alikuwa ameahidi, na alianza kwa kutimiza. Alikitundika msumarini pembeni, akaliunga tukio kwa vile vilivyobaki: Ombretta akitoa macho, Ombretta akipiga ukuta, Ombretta akishika kifua vile wanavyoshika vifua katika filamu zote. Alipomwonyesha Corrado, Corrado alipiga mwayo.

"Bibi mkasi, umezeeka lini? Hapa namwona mwanamke anaoga."

"Nimeunga ulichoniletea."

"Nilikuletea na kingine, nawe unajua. Kiko wapi?"

"Hakifai. Mwanga mbovu."

Corrado alimtazama, halafu akacheka na kuchukua koti lake. "Haya. Ukisema hakifai, hakifai. Nitawaambia watu tu kwamba hivi ndivyo anavyokata Nives Zanolin siku hizi."

Akaondoka. Angeweza kuamrisha, na hakuamrisha. Wako watu Roma ambao mpaka leo wanamtetea Nives, wanasema alibanwa, alitishwa, alikuwa na njaa. Uongo mtupu. Hakuna aliyemshika mkono. Alibaki peke yake na tukio lake lililopooza, na kilichomuuma hakikuwa Ombretta bali ule mwayo. Alivumilia mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akanyoosha mkono msumarini.

Akaanza upya. Alijua kwamba taharuki haiko kwa muuaji. Iko kwa mtazamaji anayejua jambo na hana wa kumwambia. Basi alimpa mtazamaji maji yaliyofika kifuani, halafu akampeleka jikoni, mume akichagua kikombe. Maji yakafika shingoni. Mume akakirudisha kikombe, hakikupendeza, akatafuta kingine. Maji yakafika kidevuni, mkono wa Ombretta ukainuka, na mhariri akarudi jikoni kutazama birika la kahawa ambalo bado halijachemka.

Bado hakuridhika. Corrado alikuwa ameweka kamera mbili, na zote mbili zilikuwa zimeyaona maji yale yale. Nives akazipanga zipokezane. Kila alipotoka jikoni kurudi tangini, hakurudi pale alipoachia. Alirudi nyuma kidogo, maji yakiwa chini ya kidevu, akayaacha yapande upya, kwa kamera ya upande wa pili. Jicho la mtazamaji haligundui hila hiyo. Linachojua ni kwamba haiishi, na bado haiishi, na yule mjinga wa mume anatia sukari. Nives alikuwa akicheka peke yake mle chumbani. Ilikuwa furaha halisi, ya mtu anayefanya kazi yake vizuri kuliko yeyote mjini.

Corrado alipoliona tukio, sigara ilimfia vidoleni. "Mwanamke katili wewe," alisema mwishowe, kwa heshima, na Nives alilala usingizi mtamu.

Jambo alilosahau, au alilojisahaulisha, ni kwamba Ombretta lazima aje kuweka sauti yake. Studio walifanya hivi: kipande kiliungwa ncha kwa ncha, kikazunguka mashineni na kupita kwenye skrini, kikarudi, kikapita tena, mpaka mwigizaji apatie. Ombretta aliingia mchangamfu, akambusu Nives, akamnong'oneza, "Mungu akubariki." Nives alimrekebishia kola ya blauzi. Taa zikazimwa.

Kipande kilizunguka mara ya kwanza. Ombretta alisimama mbele ya maikrofoni, karatasi ya maneno mkononi, na hakutoa sauti. Kikazunguka tena.

"Mpenzi," Corrado aliita kutoka nyuma ya kioo cha chumba cha mafundi, "tunasubiri. Mbona kule tangini hukuwa bubu?"

Mtu mmoja alicheka. Ombretta hakugeuka. Alitazama mpaka mwisho, akaacha kianze tena, akatazama tena, kama mtu anayehesabu. Kisha akamwendea Nives aliyekaa kiti cha nyuma. Nives alikuwa na maneno tayari: Corrado alilazimisha, kazi imetoka nzuri, mama atajivuna. Ombretta hakumuuliza habari ya ahadi.

"Maji yalinifika hapa mara moja," alisema taratibu, kidole kidevuni. "Halafu Corrado akazima. Ni mshenzi, lakini alizima. Hapa yananifika, yanashuka, yananifika tena. Tena. Tena. Nani kafanya hivi?"

Chumba kizima kilijua.

"Nimekuuliza, dada."

"Lazima iwe ndefu," Nives alisema. "Ndivyo inavyowashika watu."

"Ehee." Ombretta alitikisa kichwa. "Mimi imenishika."

Alirudi kwenye maikrofoni, akaiachia karatasi ianguke sakafuni. "Zungusheni," alisema. Mkono ulipoinuka kwenye skrini alipiga ukelele, na hayakuwa maneno ya kwenye karatasi aliyoyatoa. Alimwita mama yake. Maneno yalikaa midomoni sawasawa, kwa sababu ndiyo midomo iliyokuwa ikisema. Fundi wa sauti alivua visikilizio, akainamisha kichwa.

"Hiyo hiyo!" Corrado alipaza sauti. "Rovigo nzima watajikojolea!"

Nives alitaka kulia. Nasadiki alitaka kweli. Lakini macho yake hayakutoka kwenye skrini, na kabla chozi halijafika aliona kwamba kwa ukelele ule, ile picha ya mwisho ingevumilia kurefushwa kidogo tena. Akasogeza maikrofoni ndogo iliyokuwa mbele ya kiti chake, ya kuzungumza na waigizaji.

"Turudie, mpenzi," alisema. "Safari hii anza kuita mapema kidogo."