Sekunde Thelathini za Muyinga

Jumanne saa nne asubuhi Elikana, fundi wa mtandao, aliteremka kwenye basi lililotoka Gitega akiwa amebeba swichi mpya, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi. Katika ofisi ya ardhi ya Muyinga, swichi ya zamani ilikuwa bado ukutani, imejaa vumbi. Aliagizwa aiache, afunge mpya kando yake kwa nyaya mbili, mmoja ukikatika mwingine ushike.

Nyaya mbili huweza kuzungusha ujumbe bila kikomo, kwa hiyo swichi hupatana kwanza waya upi uzibwe. Zikiwa mpya zote, hupatana kabla ya sekunde moja kwisha. Ya zamani ilijua utaratibu wa zamani tu: sekunde kumi na tano za kusikiliza, kumi na tano za kujifunza, ndipo ipitishe kitu. Mpya ikiunganishwa nayo hulazimika kufuata mwendo huo.

Elikana akachomeka waya. Kompyuta zikanyamaza. Kwenye benchi, waliokuwa wakisubiri walisogea ili wafu wapate pa kukaa.

Walikuwa sita. Aliyekaa kando ya Efrazia, mkulima wa Mwakiro, alikuwa baba yake mzazi, Ignasi, aliyeuawa katika mauaji ya mwaka 1972. Ignasi alikuwa na miaka thelathini. Efrazia, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa amepita hamsini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ignasi akaenda dirishani kwa Farida, karani. "Shamba la Mwakiro, kutoka mtoni hadi kwenye mikaratusi, ni langu."

"Papa, karangamuntu yako iko wapi? Bila kitambulisho mi siwezi kuandika."

"Waliichukua siku waliyonichukua. Waliokuja walikuwa…"

Sekunde thelathini zikaisha, taa za swichi zikawaka kijani. Dirishani hapakuwa na mtu.

"Mwanangu," Efrazia alimwambia Elikana, "chomoa tena."

Akachomoa, akachomeka. Ignasi akarudi, akapanga foleni, akaanza upya. Mara ya nne Farida aliacha kuuliza karangamuntu, akaandika. Ignasi akataja jina la mmoja wa waliomchukua: baba wa jirani anayelima shamba hilo sasa.

Simu ikalia. Alikuwa Nazario, mkuu wa ofisi za ardhi huko Gitega.

"Mbona mtandao wa Muyinga unakatika?"

Elikana akamweleza.

"Ametaja nani?"

Elikana akalitaja jina. Nazario akasikika akifunga mlango wa ofisi yake.

"Kabatini hapo Muyinga iko swichi mpya nyingine," alisema. "Funga hiyo. Ya zamani ing'oe uje nayo Gitega. Leo."

Efrazia hakulia. Alisimama mbele ya ukuta, akiikinga swichi ya zamani. Elikana alimwomba radhi, akamsogeza taratibu kwa mikono miwili. Mama yake mwenyewe, huko Bukirasazi, alikuwa na faili la ardhi lililokuwa likisubiri muhuri wa Nazario.

Karatasi ya Farida ilikataliwa kwa kukosa namba ya karangamuntu. Ijumaa shamba liliandikishwa kwa jina la jirani, na Jumatatu jirani huyo akaanza kung'oa migomba shambani.

Efrazia bado huja ofisini, hukaa mwisho wa benchi. Waya ukikatika, swichi mpya mbili hupatana kabla ya sekunde kwisha. Ignasi hutokea, hufungua mdomo. Efrazia huwahi kumshika mkono tu, kisha baba hutoweka na Farida humwita anayefuata.