Mlio Uliomfuata Baridi

Fundi alipoingia nyumbani mchana, mama yake alimwambia kutoka kitandani, "Funga hicho kitu, baba."

"Kitu gani, mama?"

"Hicho kinachotoa pumzi."

Fundi alikaza bomba la maji, ingawa lilikuwa limekazwa. Akainama kwenye jiko la gesi, akanusa. Akatoka nje kushika magurudumu ya baiskeli yake. Hakuna kilichokuwa kinavuja. Mkewe alikuwa akimpepea mama kwa kipande cha boksi tangu asubuhi. Mkono ulimuuma, ila aliendelea kupepea. Naye alisema hasikii kitu.

"Kinakuja na yeye," mama alimwambia mkwewe. "Akitoka, kinatoka naye."

Mtaani fundi huyo walimwita Baridi, kwa sababu alitengeneza majokofu, na kwa utani pia, maana hakuna mtu aliyetoka jasho kama yeye. Joto la mwaka ule lilikuwa limeingia kama mgeni asiyejua kuaga. Mama mdogo wake, aliyekaa nyumba ya tatu, alikutwa amekufa kitini mchana kweupe, kikombe kitupu mapajani. Wapita njia walidhani anasinzia. Tangu siku ile mama aliogopa mchana kama watoto wanavyoogopa giza.

Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Kila mchana Baridi aliacha kazi, akaja kulowesha kitambaa na kuipangusa, taratibu, kuanzia magotini. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

"Leo usiingie," mama akasema. "Mke wako atanipangusa. Wewe kula, uende zako." Alisema kwa upole, kama anayemwondoa mtoto asione jambo.

Baridi alibaki mlangoni na sahani yake. Kwa kweli, ingawa hakuusikia, aliujua mlio ule mama aliousema. Ni mlio wa bomba la shaba likikatwa nyuma ya jokofu, gesi ya zamani ikatoka, fsss, kisha kimya. Haina rangi wala harufu. Kwenye mafunzo walielezwa kwamba gesi ile ikiachiwa hupanda juu ikaizuia dunia isipoe, na kwamba kidogo yake hufanya madhara ya moshi mwingi. Wakapewa mashine ya kuinyonya na mtungi wa kuihifadhi. Lakini kunyonya kunakula muda, na kukata bomba ni kufumba na kufumbua. Mashine ikakaa nyuma ya mlango wa karakana, imefunikwa shuka kuukuu. Kwani ni mimi peke yangu? alijiambia kila mara. Na ni kweli, hakuwa peke yake.

Kesho yake aliitwa kwenye bucha. Kompresa, ile pampu ya gesi ya friza kubwa, ilikuwa imekata roho.

"Fanya haraka, Baridi," alisema mwenye bucha. "Ng'ombe huyu keshakufa mara moja. Usimuue tena."

Baridi alilala chini nyuma ya friza, akaweka mkasi kwenye bomba. Mlio ukaanza kabla hajakata.

Aliondoa mkasi. Mlio ukanyamaza. Akaurudisha mkasi, na pale pale mlio ukaanza tena, karibu na sikio lake. Akainuka na vumbi mgongoni.

"Nakwenda kuchukua mashine."

"Mashine gani tena? Kata, yaishe. Si huwa unakata?"

"Leo sikati, dada."

"Leo umeokoka?"

"Mama amenikataza kuingia chumbani kwake."

Mwenye bucha alifungua friza. Alijifunga vizuri aproni, akapakata paja zima la ng'ombe na kuvuka nalo barabara hadi kwa muuza soda. Muuza soda hakungoja kubembelezwa. Alitoa chupa zake zote kwenye friji, akazipanga sakafuni, ingawa alijua hakuna atakayenunua soda ya moto siku kama ile.

Mashine ilinguruma muda mrefu. Gesi iliyoingia mtungini ilikuwa kidogo, hata ukiutikisa huwezi kujua kama kuna kitu. Baridi alifunga valvu, akaijaribu kwa povu la sabuni, akaijaribu tena. Ndipo akafunga kompresa mpya.

Alifika nyumbani amechelewa. Akasimama kwenye mlango wa chumba bila kuvuka kizingiti. Mama aligeuza sikio lake linalosikia vizuri.

"Ingia," alisema.

Akaingia, akalowesha kitambaa, akaanza magotini.

"Leo hukuja nacho."

"Sikuja nacho, mama."

"Lakini vile vya siku zote viko nje." Hakusema kwa hasira.

Hapo Baridi akasikia. Ulikuwa juu ya bati, katika anga jeupe la mchana, wala haukuwa mlio mmoja. Ilikuwa mingi, myembamba, kama umati wa watu unaotoa pumzi kati ya meno: kila jokofu alilolifungua, jikoni kwa kila mtu, tangu ujana wake. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akikunja nguo, hana habari.

"Unasikia?" mama aliuliza.

"Nasikia."

Mkono wake ulisimama juu ya mguu wa mama. Alingoja aambiwe atoke. Mama akajivuta kidogo kidogo kuelekea ukutani, kwa taabu, mpaka ikapatikana nafasi ukingoni mwa kitanda.

"Basi kaa, baba," alisema. "Nilikuwa navisikia peke yangu."