Mke wa Askofu

Mtaani walimwita Mke wa Askofu, na asiyejua angedhani ni matusi. Ulikuwa utani tu wa watu wenye muda mwingi mikononi. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mwenye karakana ya bati kando ya barabara na vidole visivyotakata grisi hata avisugue vipi. Ila kabla ya hapo alikuwa padri, tena padri mwenye parokia yake, na mtaa ukishajua una jambo la namna hiyo haukuachi hivi hivi. Wakampandisha cheo. "Askofu, friji langu linavuja!" "Askofu, hii kompresa ibariki kwanza ndipo uifungue!" Yeye alicheka, na mkewe mshonaji alicheka pia, maana ukishasemwa kanisani ukasemeka, utani wa karakanani ni asali.

Wala hawakutoroka. Watu hupenda kusimulia kwamba walitoroka, na hapo wanatia chumvi. Askofu aliandika Roma kuomba aachiliwe upadri, wakangoja mpaka waliokuwa wakiwasema wakachoka wakatafuta wengine. Ruhusa ikaja, na masharti yake nyuma kama mkia. Ndoa ifungwe kimya, mahali wasipofahamika. Asihubiri, asisome somo, asigawe komunyo, asifundishe dini. Wakafungishwa ndoa alfajiri ya siku ya kazi, mashahidi wawili na mfagiaji wa kanisa. Mshonaji, aliyewashonea nusu ya mji magauni ya harusi, aliolewa na blauzi ya kazini.

Hayo yote aliyameza. Lililomkwama kooni ni mama mkwe.

"Roma imekubali," yule mama alisema walipokwenda kumjulisha, "mimi sijakubali." Akafunga mdomo. Tangu hapo mwanawe akimpigia simu alijibiwa "Hujambo, padri," kama vile hakuna kilichotokea, na mkewe hakutajwa kabisa. Ikibidi sana, aliitwa "yule". Mshonaji alituma mashuka, alituma vitambaa vya meza vyenye taraza, alituma sweta za msimu wa baridi. Havikurudishwa, havikushukuriwa. Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja bibi yule amwite "mwanangu", kama alivyowaita binti muuza maziwa, kijana wa umeme, na hata wakala wa bima aliyekwenda kumsumbua mlangoni. Dunia nzima ilikuwa mwanangu isipokuwa yeye.

Ndipo wifi akapiga simu. Wifi alikuwa nesi mstaafu, mtu wa maneno machache, na machache hayo makavu. "Mama hali si nzuri. Anawaita. Wote wawili."

"Amesema wawili?" mshonaji aliuliza, mumewe akiwa bado ameshika simu.

"Nimesema wawili. Nirudie?"

Mshonaji aliacha gauni la watu kwenye cherehani, sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Kwenye basi alijionea aibu, maana mama wa watu anakufa na yeye moyo unamcheza kama mwali.

Nyumba ilikuwa kama alivyoikumbuka. Sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, kabati la vyombo vya wageni wasiokuja, na ukutani picha kubwa ya siku ya upadrisho, Askofu akiwa kijana amelala kifudifudi mbele ya altare. Mshonaji aliiangalia akaangalia pembeni. Kisha akaona kitu kilichomfanya asimame. Kwenye kiti cha mama, pale kwenye mgongo wa kiti panapochakaa, kilitandazwa kitambaa chake cha taraza, kimefuliwa mpaka kimepauka.

Wifi aliwapokea mlangoni pa jikoni. "Anakuulizia wewe," alimwambia mshonaji bila kumtazama. "Tangu asubuhi. Anasema ana neno na wewe. Nikamwambia nipe mimi nimfikishie, akasema si la kufikishwa." Akageukia mdogo wake. "Lakini kuna tatizo. Anataka kuungama, na padri hapatikani. Wote wako kwenye mafungo ya mwaka, simu zimezimwa. Nimemtuma katekista, hajarudi."

"Hatuwezi kungoja?" Askofu aliuliza.

"Nimewafumba macho wengi wodini," wifi alisema. "Mama haioni kesho. Na anaogopa. Sijawahi kumwona mama akiogopa."

Waliingia. Mama alikuwa amepungua mpaka kitanda kilionekana kikubwa. Pumzi zilikuja kama za mtu anayepanda ngazi, moja, kisha kituo kirefu, kisha nyingine. Macho tu ndiyo yaliyobaki makali kama zamani. Yalimpita mwanawe yakatua kwa mkewe, yakakaa hapo.

"Padri amekuja?" aliuliza.

"Bado, mama," wifi alijibu.

Bibi alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Hakuwa mtu wa kulia. Askofu alisimama miguuni pa kitanda, mikono yake mikubwa ikining'inia bila kazi, na mshonaji alimwonea huruma kuliko hata mgonjwa.

Alimvuta mumewe koridoni. "Wewe si padri?"

"Nilikuwa."

"Usinichezee. Uliniambia mwenyewe. Uliniambia daraja ya upadri haifutiki, kwamba Roma walikufungia milango yote wakaacha mmoja. Mtu akiwa mahututi, hata wewe unaweza kumwondolea dhambi. Hata kama umeoa. Hata kama una grisi kwenye kucha. Uliniambia au hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Basi kuna nini?"

Askofu alizitazama kucha zake. "Mafuta siwezi kumpaka. Misa siwezi. Hilo moja tu ndilo ninaloruhusiwa. Na mama hatakubali."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Alimtazama mshonaji kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Hiyo ni sheria kweli, au mnaitunga hapa?"

"Ni sheria," Askofu alisema. "Ni ya zamani kuliko sisi wote."

Wakamweleza mama. Bibi alisikiliza macho yakiwa darini, na kwa muda mshonaji alidhani amelala. Kisha akamgeukia mkwewe, akainua kidole kutoka kwenye shuka. "Wewe. Sogea. Nina neno na wewe."

Mshonaji alisogea. Alikuwa amengoja neno hilo tangu enzi za blauzi ya kazini. Lakini pumzi ikakwama, kifua kikanyanyuka kikagoma kushuka, wifi akaruka na mto. Iliporudi, ilirudi nyembamba. Mshonaji akapiga moyo konde. Alijiona mtu mzima, mkubwa kuliko chuki zote zilizopita kati yao, na niseme ukweli, alijisikia vizuri kidogo.

"Mama, ungama kwanza," alisema. "Roho yako kwanza. La kwangu litangoja."

Bibi alimtazama sana. "Haya," alisema.

Askofu alikwenda jikoni kunawa. Alinawa kwa sabuni ya vyombo, taratibu, kidole kwa kidole, midomo ikicheza. Mkewe alikuwa amemwona akinawa mikono maelfu ya mara na hakuwahi kumwona akinawa hivyo. Alipopita koridoni hakumtazama. Alifunga mlango nyuma yake.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Sauti ya Askofu ilianza, chini, ngeni. Kisha ya mama, kwa vipande. Mshonaji hakupanga kusikiliza, ila miguu ilikataa kuondoka, mpaka alipomsikia bibi akisema kwa nguvu kidogo, "Yule binti..."

Wifi alimshika mkono. "Toka hapo. Anayesikia maungamo naye anafungwa na siri yake, hujui?"

Alijua. Askofu ndiye aliyewahi kumwambia na hilo pia. Kwa hiyo akatoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka uani, akasimama kwenye kamba ya nguo, kati ya mashuka ya mgonjwa yaliyokuwa hayajakauka. Hapo hakusikia kitu. Alianua shuka moja, akalikunja, akaligundua pindo. Ni yeye aliyelishona. Yote pale kambani alikuwa ameyashona yeye.

Walipoitwa ndani, mama alikuwa hai lakini sauti imekwisha. Uso ulikuwa umelegea, umetulia. Askofu alikuwa amepiga magoti, macho mekundu, na mshonaji hakuweza kusoma chochote humo. Bibi alimtafuta mkwewe kwa macho, akampata. Alimtazama kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusema lake na sasa anangoja jibu.

Anafikiri nimeambiwa, mshonaji aliwaza. Au anafikiri nitaambiwa.

"Ndiyo, mama," alisema, bila kujua ameitikia nini.

Mama alikata roho kabla katekista hajarudi.

Mapadri walitoka mafungoni wakazika vizuri, kwa nyimbo na ubani. Askofu alikaa benchi la nyuma na mkewe. Kaburini wifi alimfuata ndugu yake, uso umevimba. "Niambie kitu kimoja tu. Alikusamehe?"

"Tumwombee," Askofu alisema.

"Sikuulizi maombi."

"Najua, dada. Tumwombee."

Mshonaji alijikaza mpaka nyumbani. Alivua viatu, akaweka maji jikoni, akaketi. "Haya. Alisema nini juu yangu?"

Mumewe alitikisa kichwa.

"Mimi si wifi. Mimi ni mkeo. Nilimsikia akisema 'yule binti'. Nilikuwa mlangoni."

"Basi na wewe hilo ulilolisikia, ulizike."

"Kama alinitukana, nimezoea. Sema tu."

Kimya.

"Kama alinishukuru?"

Kimya kile kile, hakikupungua wala kuongezeka. Hapo ndipo hasira ilipompanda. "Walikuvua kanzu! Walikukataza hata kusoma somo la watoto. Walituoza gizani kama wezi wa kuku. Leo unawatunzia siri yao?"

"Siwatunzii wao," alisema taratibu. "Namtunzia mama."

"Mama alitaka nijue! Aliniita! Angekuruhusu!"

"Wa kuniruhusu ni yeye, na tumemzika."

"Ni mimi niliyekutuma mle ndani," mshonaji alisema, na sauti ikamkatikia. "Ungeingia kama mwanawe tu, leo ungeniambia."

Askofu alimshika mabega, naye akajichomoa. Ilikuwa kweli, na hakuna sheria popote iliyomlazimisha mshonaji kuwa mwema siku ile. Alikuwa na neno lake mdomoni mwa mtu, akalisukumia chumbani, akafungiwa mlango.

Siku zikaenda. Ubaya wake ni kwamba Askofu hakubadilika hata chembe. Mshonaji alimchunguza. Akimletea matunda alijiuliza, ni fidia ya matusi aliyoyasikia? Akimtania, ni kwa sababu anajua jambo zuri? Lakini matunda alikuwa akileta tangu zamani, na utani ulikuwa ule ule. Baadaye akaelewa, na kuelewa kukamuumiza zaidi. Alikuwa analinda hata uso wake. Alikuwa anapima kila tabasamu lisizidi la jana, asije akamfunulia kitu kwa kope. Mle chumbani alikuwa ameingia fundi wake wa friji, na aliyetoka alikuwa na kitu cha padri ambacho mke hana haki nacho. Wakawa wanalala kitanda kimoja kitu hicho kikiwa katikati.

Jumapili moja, akikata uzi wa mwisho kwenye gauni la mteja, mshonaji alisema kwa sauti, "Ningejua, ningemwacha afe na dhambi zake." Akashtuka. Mumewe, aliyekuwa akifunga viatu, aliinua kichwa. Hakumkemea.

"Hilo lina uzito," alisema. "Usikae nalo."

"Nilipeleke wapi? Kwako?"

"Kwangu huruhusiwi. Wewe si mahututi." Alijaribu kutabasamu, tabasamu la kipimo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kanisani, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, mkoba magotini. Paroko alikuwa mgeni, kijana aliyetoka seminari juzi, ndevu hazijashika. Zamu ikafika. Alipiga magoti kwenye mbao iliyochimbika kwa magoti ya wengine. Alikuwa amejipanga. Atasema nilitamani mtu afe vibaya, basi, asamehewe arudi kwenye cherehani.

Nyuma ya wavu kijana alikohoa kidogo. Sauti yake ilikuwa ya kujifunza, laini, ya kila mtu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Sema."

Mshonaji alifungua mdomo. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walisema baadaye kwamba walisikia kilio, na kwamba walisogea mbali, kama inavyotakiwa, ili wasisikie zaidi.