Buti Lililojaa Besi

Tsuma alikuwa akilisikia gari la Bakari tumboni kabla ya kulisikia masikioni. Yuko zake pale stendi ya teksi Likoni, ameegemea Datsun yake, mara kioo cha pembeni kinaanza kutetemeka. Akigeuka, ni Bakari huyo, dereva mwenzake, anateremka na Corolla yake nyeupe, besi inagonga nzito, ya chini, imetulia. Abiria walioshuka feri na mizigo yao walimpita Tsuma, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, wakaenda kule.

"Twende na lile lenye ngoma," walisema.

Tsuma alicheka nao, lakini moyoni alikuwa akiungua. Mungu atuepushe na moto wa namna ile. Mtu anateketea na huku anasalimia watu.

Hayo ya stendi angeyavumilia. Lakini siku moja, mwaka ule wa tisini na nne, shangazi yake Mwanarehema alimwita nyumbani Mtongwe. Boga, mdogo wake Tsuma, alikuwa anaoa, na Jumamosi begi la harusi lingepelekwa kwa bi harusi huko Shika Adabu. Nguo, viatu, manukato na udi vingetiwa kwenye begi moja kubwa jekundu, na akina mama wangelisindikiza kwa nyimbo.

"Begi nimempa Bakari alichukue," shangazi alisema, kama mtu anayezungumzia bei ya mchele.

"Bakari? Shangazi, anayeoa ni ndugu yangu wa tumbo moja!"

"Najua, mwanangu. Wewe na Boga nimewaogesha mimi. Lakini gari lako lalia kama mbu. Tukiingia Shika Adabu hivyo, watasema tumekuja kuzika."

"Na likiwa na besi?"

"Likilishinda la Bakari, begi ni lako. Mimi sina ugomvi."

Kesho yake Tsuma alinunua spika ya inchi kumi na mbili na amplifaya, akaenda kwa Faki, fundi seremala aliyesifika kwa kuunda masanduku ya spika. Faki alitoka kwenye maranda yake, akajipangusa, akachungulia buti la Datsun.

"Yako masanduku ya namna mbili," alisema. "La kwanza ni dogo, limezibwa kila upande, hewa haitoki. Kwa gari dogo kama hili besi yake huenda chini sana, na hutulia. La pili ni kubwa, lina tundu na bomba kwa ndani. Hilo huvuma mno, lakini lataka nafasi. Wewe buti lako walitumiaje?"

"Mimi nataka la kumpita Bakari."

"La Bakari si ndilo nililo—"

"Faki, wallahi usinitajie! Sitaki kusikia alichonacho yule."

"Basi nisikilize tu. Mimi ningekuwa wewe, ningechagua—"

"Kubwa. Lenye tundu. Lijaze buti lote."

Akilini mwake, mngurumo kama ule haungeweza kutoka ila kwenye sanduku kubwa kama kabati. Hakuwahi kwenda kulitazama hilo la Bakari. Kutazama kungekuwa sawa na kukubali kwamba ameshindwa, kwa hiyo kila Bakari alipofungua buti kumtolea abiria mzigo, Tsuma aligeuza uso upande wa bahari.

Ijumaa msikitini walijikuta safu moja. Bakari akasogea, bega likagusana na bega, kama inavyotakiwa. Baada ya sala Tsuma aliinua mikono kuomba dua, na maneno yaliyomjia yalikuwa haya tu: Ya Rabi, kesho mnyamazishe. Aliposikia moyo wake unavyosema alishtuka. Hata hivyo hakuyarudisha. Alijipangusa uso akaondoka.

Jumamosi Datsun iliingia Mtongwe ikivuma. Mabati yalitikisika, kuku wakatawanyika, na shangazi Mwanarehema akapiga vigelegele hadi kanga ikamteleza kichwani.

"Hili sasa ndilo gari!" alisema. "Begi ni lako, baba."

Bakari alikuwa miongoni mwa waalikwa, Corolla yake kaiegesha kando. Alitikisa kichwa akicheka. "Mashallah, Tsuma. Imevuma hiyo!"

Tsuma alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa maji baada ya kufunga kutwa.

Mama yake, shangazi na mawifi wawili walikwishajaza viti. Wanawake wengine wakalileta begi jekundu, wamelibeba kwa pamoja kama maiti ya mfalme.

"Fungua buti," shangazi aliagiza kutoka dirishani.

Tsuma akafungua. Sanduku lilikuwa limejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na tundu lake limewakodolea macho. Hapakuwa na nafasi hata ya kutia kanga.

"Je, begi likae wapi?" mmoja aliuliza. "Ndani ya spika?"

"Tulifunge juu," Tsuma alisema.

Shangazi aliteremka garini. "Begi la mke wa Boga lipandishwe juu kama gunia la nazi? Toa hilo kabati lako!"

Tsuma alilivuta, halikusogea. Faki alikuwa amelikaza kwa skrubu. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja akaacha kuimba akashika kiuno.

"Shangazi, leteni huku," Bakari aliita.

Akafungua buti lake. Safari hii Tsuma hakuwa na mahali pa kugeuzia uso, maana watu wote walikuwa wakimtazama. Nyuma ya kiti cha Corolla palikuwa na kisanduku kilichozibwa, hakina tundu, hakizidi kreti ya soda. Begi likaingia. Kapu la halua likaingia, chetezo kikaingia, na mkeka pia.

"Ni hicho tu?" Tsuma aliuliza.

"Hicho tu. Kazi ya Faki. Kwani hakukwambia?"

Faki, aliyekuwa amesimama pale na kanzu mpya, alikohoa akatazama viatu vyake.

"Ungeniuliza, ndugu yangu," Bakari alisema, na hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Msafara ukaondoka, Bakari mbele na begi, Tsuma nyuma yake na kina mama.

"Zima hiyo, mwanangu," mama yake alimwambia taratibu. "Twasikiliza ile ya mbele."

Akazima. Besi ya Bakari ikamfikia tumboni kama siku zote. Tsuma alisema astaghfirullah, akajaribu kuirudisha dua ya jana: Ya Rabi, yale maneno... Hakumaliza. Corolla ilikata kona kuingia Shika Adabu, vigelegele vikapaa, naye akajikuta anakadiria kwa macho sanduku dogo la kumwagiza Faki Jumatatu. Limezibwa kila upande. Na liwe dogo kuliko la Bakari.